Dari ya Ukumbi wa Baraza

Mlinda mlango wa Jumba la Baraza, huku Cremona, Italia, hamruhusu mtu kukanyaga sakafu ile ya miaka mia tano kabla hajavaa vifuko vya kitambaa juu ya viatu. "Miguu!" husema, hata kwa meya. Magoti yake hulia kila anapoinama kukagua, na vidole vyake hunukia nta.

Ermete alimjua hivyo, ndiyo maana alipunguza mwendo alipomsukuma mkewe, Fosca, kwenye kiti cha magurudumu hadi mlangoni. Kesho yake Fosca alikuwa apasuliwe kichwa, na madaktari hawakuahidi kwamba angeamka akiona. Alitaka kuitazama dari ambayo chini yake walifunga ndoa.

"Magurudumu hayaingii, mzee."

"Basi nitambeba."

"Wewe? Utaanguka naye, halafu niwaokote wawili."

Mlinda mlango akapiga magoti, akayafunga magurudumu vitambaa, moja moja. Ukumbini Fosca alijaribu kutazama juu, shingo ikakataa. Mlinda mlango akasimama nyuma yake, akakipokea kichwa kwa viganja viwili, kama padri anayebatiza mtoto.

"Tazama, mama. Mimi sichoki."

Ermete aligeuka amshukuru, akamkuta amefumba macho, midomo ikisali.