Mkono Mmoja wa Ngoma ya Ujiji

Jana, mwanangu, uliponiuliza mwezi gani ni mzuri kwenda Ujiji, nilinyanyuka nikakuacha na chai yako. Hukunikosea adabu. Ila swali lako ninalijua. Niliwahi kuliuliza mimi, na mpaka leo hasira yake haijanitoka.

Nakumbuka enzi ile bendera ya Mjerumani ilipokuwa ikipepea kwenye boma, nami kijana hapa Rumonge, nachemsha ngazi, matunda ya michikichi, na kukamua mawese. Mjomba wangu Sudi alikuwa mpiga ngoma Ujiji. Na Ujiji, mwanangu, ulikuwa mji wa ngoma kweli: mtaa huu ukipiga, mtaa ule unajibu, na wanawake wana zao. Mjomba hakuwa na mtoto wa kiume. Kulikuwa na mapigo aliyoyatunga mwenyewe, hajamfundisha mtu. Akanitumia salamu: njoo nikupe.

Ngoma nilijifunza peke yangu, juu ya mtungi uliopasuka. Niliogopa watu wa mjini wasije wakanicheka. Hofu hiyo sikumwambia mtu. Nikaivika nguo, nikaiita kutafuta majira mazuri.

Nikaanza kuuliza. Wavuvi wa Magara wakaniambia nenda mwezi ukiwa mkubwa, maana ndagala, dagaa wetu wa ziwani, hawavuliwi kwenye mbalamwezi, na kila mvuvi yuko ngomani. Mama mmoja akasema ngoja mavuno, watu washibe. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasema usiende Ramadhani, ngoma zimelala. Wote walisema kweli! Nami nikataka zote kwa pamoja: mavuno, mwezi mkubwa, ziwa tulivu, na kanzu mpya. Kila jambo nililifungia fundo kwenye kamba. Fundo moja likikosekana, siendi.

Mwaka wa kwanza ukapita hivyo. Wa pili, mwezi ulikuwa mzuri lakini kanzu ilikuwa na doa la mawese. Doa, mwanangu! Mzee Feruzi, aliyepeleka mafuta Ujiji kwa mtumbwi, alinikuta naifua akacheka mpaka akakaa chini.

“Mujomba wako anauliza,” akasema, “wewe mutoto unakuja kupiga ngoma ama unakuja kuposa mwezi? Kila ngoma anaweka kigoda kando yake, anasema hicho ni cha mupwa wangu. Watu wamekichoka hicho kigoda.”

“Mwambie mwakani,” nikamjibu. “Mwakani kila kitu kitakuwa sawa.”

Watu wa pwani waliotuletea Kiswahili walituletea na methali: mchagua nazi hupata koroma. Huku kwetu kwenye michikichi hatukuwa na nazi, basi nikadhani hainihusu.

Mwaka wa tatu mafundo yote yakatimia. Nikapanda mtumbwi wa Feruzi, tukaupita msitu wa Kigwena, na siku ya tano, alasiri, nikateremka Ujiji na kanzu nyeupe kama pamba. Mji mzima ulikuwa unadunda. Mke wa mjomba, Bi Zainabu, akanipokea mlangoni.

“Karibu, bwana wa majira! Mwezi iko muzima, ziwa iko kimya, kanzu iko safi. Mujomba wako tu ndiye hakukungoja.”

Nikadhani amekufa. Hakufa. Kiharusi kilikuwa kimempata wakati Feruzi yuko huku Rumonge, hata habari hatukuipata. Alikuwa amekaa mkekani, upande wa kulia umepooza, mdomo umekwenda kando, maneno hayatoki. Kile kigoda kilikuwa pale pale, kitupu.

Nikakaa juu yake. Mjomba akanitazama kwa ghadhabu ambayo sijaona tena kwa mtu, halafu akaanza kugonga goti lake kwa mkono wa kushoto. Pigo moja. Kimya. Mawili. Kimya kirefu. Kimya kile, mwanangu, ndipo mkono wa kulia ulipokuwa unajibu. Akarudia na kurudia mpaka machozi yakamtoka, nami sikuweza kukisia. Nje ngoma zililia siku tatu, sikutoka kuzitazama.

Mapigo yale ninayo bado, nusu yake. Nusu nyingine haiko kwa mtu yeyote duniani.

Sasa shangazi yako amekuita Ujiji akupe nyimbo zake za harusi, nawe unaniuliza mwezi! Usiniulize. Majira mazuri ni haya ambayo aliyekuita bado ana sauti. Kama unaogopa kuchekwa, sema unaogopa, halafu panda chombo na hofu yako, usiisingizie mvua. Na ukikuta amewekewa mtu kigoda, jua ni chako, kakae.

Nenda. Mungu akufikishe hata ukiwa umelowa, una njaa, na doa la mawese kifuani, ili mradi umkute shangazi yako anaimba. Amina.