Sindano na Zebaki

Chuoni nilisomea Kiswahili na Historia. Ushonaji, mapishi na uchoraji nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na kwa kufumua nguo ili nione zilivyoshonwa. Shule yetu ya sekondari, nje kidogo ya Katoro, ilipata vyerehani vya msaada ikakosa mwalimu wa masomo hayo. Mkuu wa shule aliuliza kikaoni nani anajua kushona. Siku hiyo nilikuwa nimevaa gauni nililojishonea, na wenzangu wote wakanitazama mimi.

Kwa kuwa sikufundishwa na mtu, niliogopa kuruka hatua. Kitambaa kwanza, kisha sindano, kisha cherehani. Katika somo la vitambaa niligawa vipande vya aina mbalimbali, nikawataka wanafunzi wavimwagie maji na kutazama yanavyopenya, ili wajue ufumaji upi umebana. Mvulana mmoja wa nyuma akainua kipande cha marikani.

"Mwalimu, hiki zebaki inapita, dhahabu inabaki!"

"Kaa chini, tajiri wa duara," mwenzake akamjibu. "Hata kiatu cha kushoto huna."

Darasa zima lilicheka, kwa sababu karibu kila nyumba ya pale inaishi kwa mashimo ya dhahabu, ambayo wenyewe huyaita maduara. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa na kuchanganywa na zebaki, nayo hunasa dhahabu. Mchanganyiko huo humiminwa kwenye kitambaa na kukamuliwa kwa mikono. Zebaki hupenya na kutoka, kinachobaki ni kidonge cheupe, ambacho huchomwa motoni mpaka zebaki itoke kwa moshi nacho kigeuke rangi ya dhahabu.

Msichana aliyekaa karibu na dirisha hakucheka. "Marikani mpya haifai," alisema taratibu. "Ina wanga. Mpaka ifuliwe kwanza."

Alikuwa sahihi, na kwa ushonaji ni vilevile. Niliandika jibu lake ubaoni.

Alikuwa kidato cha tatu wakati ule, na hakuna aliyemfikia kwa kushona kwa mkono. Akipiga pindo la sketi, upande wa nje huoni uzi. Nilimpeleka kwa fundi mmoja wa Kalangalala, mjini Geita, mwanamke anayeshona magauni ya harusi. Fundi aliligeuza ndani nje pindo la sketi tuliyompelekea, akalivuta, akalisogeza kwenye mwanga.

"Cherehani kila mtu anacho," alisema. "Mimi natafuta mkono. Akimaliza mtihani wa vitendo, mlete anishonee hapa mbele yangu. Nikiridhika, anabaki."

Njiani kurudi, tulipokaribia Katoro, msichana aliniuliza kama fundi huyo huwapa wanafunzi wake mahali pa kulala.

Kidato cha nne kilipoanza, sindano ilianza kumshinda. Alikuwa akilowesha uzi mdomoni, anausogeza kwenye tundu, unapita pembeni. Anarudia, unapita pembeni tena.

"Shikamoo bibi," jirani yake alimtania. "Nikuletee miwani?"

"Marahaba mjukuu wangu," alijibu, na wote wakacheka, naye akampa sindano amtungie.

Kwenye uchoraji, mstari wa ukingo wa chungu ulimtetemekea mpaka akaufuta wote. Kwenye mapishi kundi lake lilipika mlenda na dagaa. Alionja, akaongeza chumvi, akaonja, akaongeza tena. Mwenzake akatema.

"We! Unatupikia sisi au unalisha ng'ombe?"

Safari hii hakucheka. Baadaye, tukiosha masufuria, aliniambia kwamba kila kitu kina ladha ya msumari mdomoni mwake, na kwamba akipiga mswaki fizi zinatoka damu.

Nilimpeleka kituo cha afya. Tabibu alimwambia anyooshe mikono mbele na kutanua vidole. Aliitazama inavyocheza, kisha hakumuuliza yeye, akaniuliza mimi: "Nyumbani kwao nani anakamua zebaki?"

"Mimi," msichana akasema.

Kipimo cha zebaki hakikuwepo pale. Tabibu alisema aache kuishika na asikae penye moshi wake. Akiacha mapema, mikono inaweza kutulia. Akiendelea, tabibu hana dawa ya kumwandikia.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwao. Mama yake alinipokea uani. "Mwangaluka, mwalimu." Nikaitikia kwa Kisukuma nilichonacho, tukaulizana habari za nyumba na za mvua. Aliniletea chai. Kikombe alikibeba kwa mikono miwili, na hata hivyo nusu ilimwagika kwenye kisahani.

"Umeiona mikono yangu," alisema. "Ndiyo maana nilimpa yeye. Mimi nilianza kumwaga. Yeye tangu mdogo mikono yake imetulia, hapotezi hata tone."

Nilimweleza maneno ya tabibu. Nikamwomba basi wachomee nje, penye upepo.

"Nje? Nikichomea nje, mtaa mzima unajua leo nyumba hii ina dhahabu. Mwalimu, mimi sina mume humu ndani. Nafunga mlango, nachoma kwenye jiko langu."

"Na glavu?"

"Glavu ukivaa, kidonge hukisikii vidoleni. Hujui kama kimekauka."

Jiko hilo ndilo walilokuwa wakipikia ugali. Nilimweleza kuhusu fundi wa Kalangalala: kwamba anataka mkono, na binti anao, lakini unapotea. Hilo alilisikiliza kwa namna nyingine. Aliniuliza mafunzo yanachukua muda gani, na kama fundi ni mtu wa dini. Kisha akashusha pumzi.

"Sawa, mwalimu. Aache. Ashone."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana zaidi. Nikaanza kumshukuru. Yeye alikuwa ameshageuza kichwa kumtazama binti yake mdogo, wa shule ya msingi, aliyekuwa akisugua sufuria kwa majivu karibu na pipa.

"Wewe, njoo hapa. Nyoosha mikono nikuone."

Mtoto akanyoosha, imejaa majivu, haitikisiki.

Dada yake, mwanafunzi wangu, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Nitakamua mimi, mama."

"Mwalimu wako kasema uache."

"Mwalimu kasema habari zangu. Na huyu?"

"Basi nani?" mama yake alisema, sauti imepanda. "Niambie wewe. Nani?"

Alinitazama na mimi pia, kama mtu anayesubiri jibu. Mtoto akaambiwa arudi kwenye sufuria zake.

Siku ya mtihani wa vitendo, mwalimu wa somo haruhusiwi kubaki chumbani. Niliingia mapema kutia mafuta vyerehani na kupanga vitambaa. Kanuni hazikusema sindano ziwe tupu, kwa hiyo nilitunga uzi kwenye sindano kadhaa za kila mtahiniwa na kuzichomeka kwenye mito ya sindano. Msimamizi kutoka shule nyingine alinitazama, akatazama orodha yake, akaendelea kuhesabu vitambaa. Nikatoka.

Walipomaliza nilikuwa nimesimama kwenye kivuli cha jengo la maabara. Msichana alikuja moja kwa moja kwangu.

"Mishono ya cherehani?" nilimuuliza.

"Imenyooka."

"Na pindo?"

"Nimefika nusu. Iliyobaki nimeacha na pini." Alificha mikono kwenye sweta. "Yule fundi ataiona?"

"Hapana. Kazi ya mtihani inapelekwa mbali. Lakini atakutaka ushone mbele yake."

Aliitikia kwa kichwa. Nilimwambia akae kidogo, nimletee uji, tupange siku ya kwenda Geita. Alisema tutapanga, siyo leo. Karasha lilikuwa likisaga mzigo wao wa mawe tangu asubuhi, na mdogo wake huwa anatoka shule saa nane. Alikaza kamba za viatu, akaelekea barabarani kutafuta bodaboda ili awahi kufika nyumbani kabla ya mdogo wake.