Dirisha la Upande wa Nyeri

Barua ya kuniuliza nitaishi wapi ilifika Julai, mwezi ambao kwetu Mweiga ukungu hushuka kutoka Nyandarua alfajiri na mara nyingine hauondoki hadi ng'ombe wakamuliwe jioni. Ilitoka kwa karani wa chuo cha sanaa huko Skotlandi, kilichokuwa kimenipa nafasi na karo ya mwaka mmoja. Karani alieleza bila kuzunguka. Vyumba viwili vilikuwa wazi katika jengo moja la mawe, ghorofa ya tatu, milango ikitazamana. Cha kwanza kikubwa, dirisha lake likitazama kaskazini. Cha pili kidogo, dirisha kusini. Alikuwa amechora ramani za vyote viwili pembeni mwa karatasi na kuandika vipimo kwa futi. Nichague, nijibu kwa telegramu kabla mwezi haujaisha, la sivyo vingepewa wengine.

Chini ya ramani aliongeza kwamba chuo hakikuwa na kumbi za kuchorea za kutosha, kwa hiyo wanafunzi wapya walifanyia kazi vyumbani mwao. Wakati wa Krismasi kazi zingepimwa. Asiyeridhisha angerudi kwao.

Sentensi hiyo niliisoma mpaka nikaichukia. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Nairobi mwaka uliotangulia, na nilikuwa na ugonjwa wa watu wa aina yangu: sikukubali jambo ambalo sikulijaribu mwenyewe. Nilibishana na mhubiri, na redio, na maelezo yaliyoandikwa kwenye gunia la mbolea. Lakini kuhusu chumba nitakamoishi sikuwa na cha kubishana nacho, ila michoro miwili iliyokaribia kuwa midogo kama stempu.

Nilichora vitu vya nyumbani: birika, viazi ndani ya karai, koti la baba likining'inia msumarini. Nilichora polepole, rangi juu ya rangi, na picha moja ingeweza kunichukua wiki tatu. Kazi ya namna hiyo inataka mwanga uliotulia. Jua likiingia chumbani, kivuli ulichokianza saa nne si kile utakachokikuta saa sita, na unabaki kukifukuza kama kuku aliyetoroka. Kwa hiyo sikuwa nachagua mahali pa kulala. Nilikuwa nachagua kama ningeweza kufanya kazi, au ningeshuka stendi ya Nyeri kabla ya mwaka mpya na sanduku lile lile, watu wakiniuliza wazungu wamenifanyia nini.

Baba hakuamini nyumba iliyo kwenye karatasi. Yetu aliijenga mwenyewe, kwa mbao na mabati, na kabla ya kuchimba shimo hata moja alifanya kama wanavyofanya watu wa kwetu: alipiga vigingi, akafunga kamba ya katani, kisha akatuambia tuingie na kutembea ndani kana kwamba kuta zimeshasimama.

"Mama," aliniambia, kwa maana nilipewa jina la mama yake na ndivyo alivyoniita siku zote, "leta hiyo karatasi. Tuione nyumba ikiwa chini."

Tukapima vyumba vyote viwili kwenye nyasi nyuma ya nyumba. Kaka yangu, aliyefundisha makuruti wa polisi gwaride kule Kiganjo, alikuwa likizo, na alizungumza Kiswahili cha kambi hata na ng'ombe. Aliruka kamba, akasimama katikati ya kile chumba kidogo na kunyoosha mikono.

"Ati hii ni nyumba? Hata seli yetu iko na nafasi kushinda hii."

"Wewe umelala seli lini?" mama alimuuliza.

"Mimi niko na funguo. Mwenye funguo ndiye anajua."

Akajilaza chali mahali nilipomwonyesha kitanda. Viatu vyake vikatokeza nje ya kamba. "Ona sasa, miguu inalala kwa jirani! Huyo mzungu atakanyaga polisi."

Mama hakuruka kamba. Alizunguka hadi mahali pa mlango, akasimama. "Hodi."

"Karibu, mama."

Aliingia, akageuka polepole. "Nikikuja kukuona nitakaa wapi?"

"Kitandani."

"Na wewe?"

"Kitandani pia."

"Na jiko?"

Nilimwonyesha pembe, palipokuwa na jiko la gesi la sufuria moja. Alipapima kwa unyayo. "Kwa hivyo utapika hapa, ulale hapa, na hiyo rangi yako inanuka hapa hapa. Kama kuku wa mayai." Akatoka kwa mlango uleule usiokuwepo, akaenda kwenye chumba kikubwa, akabisha hodi tena, akaingia. "Hii ni ya watu. Chukua hii."

"Hapo hakuna swali," baba akasema. "Mtu akipewa shamba kubwa na shamba dogo achague, si ni wazimu peke yake atachukua dogo?"

Hata mwalimu wangu wa uchoraji kule Nairobi angekuwa upande wao. Alitufundisha kwamba dirisha la mchoraji ni la kaskazini, na vitabu vilisema hivyo hivyo. Siku moja nilimuuliza kwa nini. "Ndivyo ilivyo," alinijibu. Naye aliambiwa na aliyemfundisha, na huyo akaambiwa na wake. Hakuna aliyenionyesha. Wazazi, kaka, mwalimu, vitabu, wote walisema kaskazini, na kadiri walivyokubaliana ndivyo nilivyozidi kuwashwa.

Nyumbani hakuna aliyekosea pande za dunia. Mlima uko mashariki, Nyandarua magharibi. Kaskazini tuliita upande wa Nanyuki, na kusini upande wa Nyeri. Dirisha la sebule yetu lilitazama Nanyuki, na la chumba cha wazazi lilitazama Nyeri. Nilichohitaji ni jua, nione lenyewe linaingia wapi.

Jua halikuja. Siku zilipita katika ukungu na manyunyu, mwezi ukaelekea mwisho. Nilitafuna kucha mpaka zikauma. Kila asubuhi nilisimama barazani na kikombe cha bati na karatasi nyeupe.

"Unangojea nani?" mama aliuliza.

"Jua."

"Likija litatuona. Teka maji."

Asubuhi moja mwishoni mwa mwezi mlima ukajitokeza, na jua nyuma yake. Nilikimbilia sebuleni, nikaweka kikombe juu ya karatasi chini ya dirisha. Jua liliingia kwa mshazari kutoka upande wa Nanyuki. Kivuli cha kikombe kilikuwa cheusi, chenye ukingo mkali, na nilikiona kikitembea hadi kikatoka kwenye karatasi. Nikahamia chumba cha wazazi. Pale mwanga ulikuwa laini, na kivuli cha kikombe kilikaa nilipokiacha. Nilienda na kurudi kati ya vyumba vile mpaka alasiri, mawingu yalipofunga. Jua halikugusa dirisha la upande wa Nyeri hata kidogo.

Kwa hiyo vitabu vilikosea! Nilijawa na furaha ambayo hata leo siiamini inaponijia. Nilimkuta baba zizini.

"Nachukua kile kidogo. Mwanga wa kusini ndio uliotulia."

"Hata kama wenye kazi wanasema kaskazini?"

"Wamesema. Mimi nimeona, baba. Kwa macho yangu."

Akaenda kung'oa vigingi. Jioni nilimsikia akimwambia mama kwamba mtoto aliyesoma hadanganywi.

Kesho yake nilikuwa posta ya Nyeri. Karani wa telegramu alisoma maneno yangu kwa sauti ya kutangaza msiba: chumba kidogo, dirisha la kusini. "Ni hiyo tu? Ikienda imeenda."

"Iende."

Agosti ilipita kwenye foleni: pasipoti, chanjo, koti zito la mtumba lililonifika karibu na vifundo vya miguu. Septemba, mvua za vuli zikiwa hazijaanza, tulikaa mimi na mama kwenye benchi upande wa Nyeri wa nyumba, kivulini, tukipukusa maharagwe. Jua la mchana lilikuwa limefika kwenye vidole vyake vya miguu. Akavirudisha ndani.

"Limeanza kutufuata," alisema. "Karibu tupeleke benchi ule upande wa Nanyuki, kama Krismasi."

"Kama Krismasi nini?"

"Kwani wewe umezaliwa wapi? Wageni wa Krismasi tunawakalisha wapi? Huku jua si linachoma mpaka mafuta ya kukamulia ng'ombe yanayeyuka?"

Mikono yangu ilisimama. Krismasi zote za maisha yangu nilikaa ule upande, na soda mkononi, mgongo ukiegemea mbao baridi chini ya dirisha la sebule. Nilijua. Kila mtu pale nyumbani alijua. Miezi fulani jua lapita upande wa Nanyuki, miezi fulani lapita upande wa Nyeri, nasi twahamisha benchi bila kuulizana. Ushahidi wangu ulikuwa ushahidi wa Julai.

Nilijaribu kujituliza: labda na huko linahama vilevile. Nikachukua kiazi kwenye karai lililokuwa miguuni petu, nikachomeka njiti ya kiberiti kiunoni mwake, hapo tulipo sisi, na nyingine juu karibu na kichwa, Skotlandi. Nikakiinua juani na kukilaza, mara huku mara kule, kama alivyotufundisha mwalimu wa jiografia. Kivuli cha njiti ya kiunoni kilianguka upande mmoja, kisha upande wa pili. Cha njiti ya juu, kila nilivyokilaza, njiti zikielekezwa juani kama saa ya mchana, kilianguka upande uleule, kuelekea kichwani. Huko jua la mchana lilitoka upande wa Nyeri, mwaka mzima.

"Unacheza na chakula?"

"Mama, nimechagua vibaya."

"Udogo wa chumba tulikwambia."

"Si udogo. Jua litaingia ndani siku nzima."

"Na huko si kuna baridi?"

"Kuna."

"Basi unalilia nini?"

Alinipokonya kiazi, akang'oa njiti na kukirudisha karaini.

Nilituma telegramu ya pili, nikiomba kile kikubwa. Karani wa posta alinikumbuka. Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa fupi: chumba cha kaskazini kimeshachukuliwa, kidogo bado ni chako.

Kaka alipopata habari alicheka hadi akashika mti. "Madam ameamuru jua lisimame, jua limekataa amri! Ningekuwa mimi ningelitia ndani." Baba hakucheka. Alikuwa amejivunia macho yangu mbele ya majirani. Tulipokuwa tukifunga sanduku kwa kamba aliniuliza jambo moja tu.

"Wakikurudisha, utakuja na picha au bila picha?"

"Sijui, baba."

Alivuta fundo, akalijaribu kwa kidole, akalivuta tena.

Nilifika Oktoba. Chumba kilikuwa hasa kama kamba zetu zilivyosema. Kwa siku za mwanzo mawingu yalifunga mji wote, na dirishani mwangu mlikuwa na mwanga wa kijivu usiotikisika. Nikaanza picha ya birika na viazi vitatu. Nilipaka tabaka la kwanza, kisha la pili, nikaanza kutumaini kwamba mawingu yangenificha hadi Krismasi.

Kisha asubuhi moja jua likatoka. Nilikuwa nimelizoea jua linalosimama juu ya paa na kuishia kizingitini. Hili lilikuja chini chini, juu kidogo tu ya mapaa ya ng'ambo ya barabara, likapita kiooni, likavuka sakafu yote hadi mlangoni. Viazi viliwaka upande ambao kwenye picha yangu ulikuwa giza. Birika likatupa kivuli kirefu ukutani, mahali ambapo nilikuwa nimepaka ukuta mtupu.

Nilining'iniza blanketi dirishani. Chumba kikawa giza kama ghala. Nikaliondoa. Nikaburuta meza hadi kwenye pembe ya jiko, nikapaka kidogo, na jua likafika pale. Nikaiburuta tena. Mtu wa chini akagonga dari yake kwa fimbo mara kadhaa, akasema neno ambalo sikulielewa lakini halikuwa salamu.

Nilikaa kitandani. Baadaye nikaiegemeza ile picha, uso wake ukielekea ukuta, nikatoa karatasi na mkaa wa kuchorea. Nikachora kivuli cha birika kama kilivyokuwa wakati ule ule, haraka, bila tabaka, bila kufuta. Kilipohama nikatupa karatasi sakafuni na kuchukua nyingine. Mchana ulipofika sikuwa na mahali pa kukanyaga. Hakuna hata karatasi moja iliyokuwa picha. Zilikuwa birika lile lile likiegemea huku, likiegemea kule, na sikujua kama kuna mtu angeweza kuziita kazi.

Jua lilikuwa limeiacha meza. Nilitoa viazi, nikatoa birika, nikainua upande mmoja wa meza, halafu mwingine, nikilifuata jua polepole, ili wa chini asisikie.