Siku Nilipompima Baba Presha Juu ya Koti

Naona heri niisimulie mwenyewe, na aibu yangu yote, kwa sababu nikinyamaza mtaisikia kwa jirani yetu Mama Chantal, na kwa Mama Chantal habari hii tayari ina gari la wagonjwa lenye king'ora, ina pasta analia, na juzi nimesikia eti baba yangu alifufuka kabisa. Hakufufuka. Baba hakuwahi kufa. Baba hakuwa hata mgonjwa, na hapo ndipo penye shida yangu.

Mimi naitwa Furaha, naishi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na mwaka nilipokuwa fomu tatu, kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nakwenda ukumbi wa kanisa kujifunza kuhudumia wagonjwa nyumbani. Nilisukumwa na wito mkubwa: walikuwa wanatoa mandazi. Mwalimu wetu alikuwa Mama Consolata, muuguzi mstaafu wa kule kwetu Bukavu, mama anayesema polepole hadi unaweza kusinzia katikati ya sentensi na ukaamka kabla hajafika mwisho wake. Alitufundisha joto la mwili, mapigo ya moyo, namna ya kuhesabu pumzi bila mgonjwa kujua kwamba unazihesabu, na mwishowe presha, kwa kamashine kadogo ka betri: unafunga kitambaa mkononi, unabonyeza, kinavuma, kinabana, kinatoa namba. Mi nilipoona namba nikajua nimeshahitimu. Ndipo Mama Consolata akasema, "Sasa tuingie masharti ya kabla ya kupima, haya njo ya maana kupita mashine," na mi nikaona hapo ndipo pazuri pa kutoroka nikasuke nywele (Jumamosi iliyofuata dada yangu Espérance alikuwa anakuja kuposwa, nisingeweza kuwatokea wageni na kichwa kama kiota). Masharti ya nini wakati mashine inaongea yenyewe?

Kila mwanafunzi alikuwa na zamu ya kubeba mashine nyumbani ajizoeze kwa watu wake, na zamu yangu ikaangukia siku ileile ya wageni. Mama Consolata akanishika bega. "Furaha, yale masharti uliyapata?"

"Nimeyapata yote, mama," nikasema, na uso wa malaika.

Ni uongo wa maneno matatu tu. Angalieni ulivyokua.

Mchana ule kwetu palikuwa hapakaliki. Wakwe walikuwa wanatoka Kauma, Lilongwe, ambako mchumba mwenyewe, Pascal, ana cherehani yake na wateja wake, kijana mpole anayeongea na dada yangu kana kwamba anaongea na waziri. Mama anapika, Espérance amefungiwa chumbani na vitenge vyake, na baba amevaa ile suti yake ya kijivu aliyotoka nayo Bukavu, kitambaa kizito cha kuzuia baridi ya Ulaya, kwenye jua la Dzaleka. Amebeba mabenchi, ameyapanga, mama amesema yamepangwa vibaya, ameyapanga upya, jasho linamtiririka, na koti halijafunguliwa hata kifungo kimoja. Mimi kazi yangu ilikuwa kupendeza. Nilikuwa nimevaa blauzi yangu nyeupe ya shule (wauguzi huvaa nyeupe, mnajua) na mashine nimeining'iniza shingoni kama mkoba.

"Papa, kuja nikupime presha."

Baba anapenda vitu vya kisasa. Akakaa palepale, bado anahema. "Pima, docteur! Bageni bakifika, bakute baba ya bibi-harusi iko muzima!"

"Toa koti kidogo."

Akaniangalia kama nimemwambia atoe suruali. "Koti? Leo? We mutoto, mi nikae na shati mbele ya bakwe? Njo banafundisha hivyo huko kwenu?"

Hapa, ndugu zangu, mtu aliyesikia masharti angejibu kitu. Mi nikasema, "Basi, acha."

Kitambaa hakikutosha juu ya koti, nikakivuta, nikakishikilia kwa kiwiko. Mkono wa baba unaning'inia chini kama ndoo, na mdomo wake haujafungwa hata dakika moja, maana alikuwa anamwelekeza mama mahali pa kuweka viti vya wageni wakubwa. Mashine ikavuma, ikabana, ikafikiri. Mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na mbili.

Nilikumbuka darasani: ikipita mia na themanini, hiyo ni hatari. Basi kwa utulivu wote wa kitaalamu nikapiga kelele, "Yesu wangu!"

"Njo nini?" mama akatoka jikoni na mwiko.

"Ngoja, nisikie moyo." Nikamshika baba mkono, nikabandika kidole gumba changu kwenye mshipa, nikafumba macho kama nilivyoona kwenye sinema. Mshipa ulikuwa unakimbia! Unapiga kama mvua juu ya bati! Nikaogopa, na kadiri nilivyoogopa ndivyo ulivyozidi kukimbia. Nikafungua macho nikatoa taarifa, kwa upole ambao familia inauhitaji wakati kama ule: "Mama, moyo ya Papa inataka kutoka."

Mama akaangusha mwiko. Mama Chantal, ambaye kwa bahati nzuri huwa hayuko mbali na ukuta wetu, akaingia bila kubisha, akaanza maombi kwa Kirundi, akakatiza maombi akasema dawa ya presha ni kitunguu saumu kibichi na maji ya ndimu, akarudi kwenye maombi. Baba akatafunishwa saumu. Baba akanyweshwa jagi zima la ndimu.

"Lakini mi niko muzima!" baba analia na mdomo umejaa saumu. "Mi nasikia njaa tu!"

"Wagonjwa wa presha wote husema hivyo," nikamweleza Mama Chantal, na hadi leo sijui elimu ile niliitoa wapi.

Nikapima tena palepale: mia mbili na tatu. Nikapima tena, baba sasa amefinya miguu kwa sababu ya lile jagi: mia mbili na kumi na moja. Kumbe Mama Consolata alituambia, nikiwa bado darasani, kwamba kabla ya kusoma namba umsome mtu: anaumwa kichwa? Anaona giza? Anaongea vizuri? Baba yangu alikuwa anaongea vizuri sana, alikuwa anaomba kwenda chooni, na sisi watatu tulimkalisha chini tukamwambia asijichoshe.

Hapo ndipo minibasi ya wakwe ikaingia.

Fikirieni: mmetoka Kauma mmenyoosha mashati, mnategemea vigelegele, mnakuta mama mkwe anajipiga mapaja, jirani anakemea mauti, na baba mkwe ananuka kama jiko la mgahawa. Msemaji wao alikuwa Papa Ombeni, baba mdogo wa Pascal, mtu mnene mwenye sauti ya mimbari, ambaye hotuba yake alikuwa ameifanyia mazoezi wiki nzima. Akaitazama hali, akaitazama hotuba kichwani mwake, akaona zote mbili haziwezi kuishi pamoja. "Apandishwe gari! Mukwe yetu hawezi kupelekwa kwa kabaza. Tunamupeleka Lilongwe!"

Kabaza ni baiskeli ya abiria, na kwa kweli baba angefurahi zaidi kwenye kabaza, maana njiani angeweza kuruka na kukimbilia kichakani. Ndani ya minibasi alibanwa katikati, mama huku, Espérance huku na vitenge vyake na machozi, mimi mbele yake nimemshika mkono kwa gumba langu nikitangaza hali kila baada ya kilima. "Bado inakimbia! Imezidi!" Tulipopita Kanengo, karibu kuingia mjini, Papa Ombeni akaniinamia.

"Docteur. Hii ugonjwa ya moyo, inapitaka kwa batoto?"

Kulikuwa na majibu mengi. Kulikuwa na "sijui", ambalo ni jibu zuri na fupi. Mi nikakunja uso, nikasema, "Ndiyo, Papa, mara nyingi inarithiwa."

Papa Ombeni akamwangalia Pascal. Pascal akaangalia viatu vyake. Espérance akaniangalia mimi, na jicho lile nikilikumbuka bado hunikatisha usingizi, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba si baba tu aliyekuwa anakufa mle garini, na kwamba posa ya dada yangu naiua mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Hospitalini tulipokelewa na muuguzi kijana, Mmalawi, aliyetutazama watu tisa na mgonjwa mmoja kama anayehesabu nani hasa ameugua. Nikamsomea namba zangu zote kwa Kiingereza changu cha fomu tatu. Hakushtuka. Akamwuliza baba swali moja, na baba akajibu kwa kukimbia chooni. Aliporudi (mtu mpya kabisa, anatabasamu) akakalishwa kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza. Sote tukaambiwa kunyamaza, hata Mama Chantal, ambaye sijui alipandaje gari. Tukakaa hivyo kimya, muda mrefu wa kutisha. Halafu muuguzi akasema, "Bambo, vulani jekete."

Baba akaelewa, akajifanya hajaelewa.

"Anasema utoe koti, Papa," nikatafsiri, mtumishi mwema.

Baba akamtazama mama. Mama akafunika uso. Na baba akavua koti polepole, mbele ya wakwe, na ndani ya koti hamkuwa na shati. Mlikuwa na kola, na kifua cha shati chenye vifungo vyake vyote, na vipande viwili vya mikono vilivyoshikizwa kwa pini ndani ya koti, ambavyo vilibaki kwenye koti. Mgongo ulikuwa mgongo wa baba.

Hakuna aliyecheka. Ningependa sana mtu acheke.

Muuguzi akafunga kitambaa kwenye mkono mtupu, kana kwamba hivyo ndivyo mashati yote ya Dzaleka yalivyo. Mia na ishirini na nne kwa sabini na nane. Akairudia. Ileile.

"Haiwezekani," nikasema (ndiyo, bado nilikuwa na mdomo). "Na mapigo je? Nimeyahesabu mwenyewe!"

"Nionyeshe ulivyohesabu."

Nikabandika gumba kwenye mkono wa baba, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Muuguzi akachukua mkono wangu wa pili, akaweka vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati, akaanza kuhesabu pamoja nami. Tulikwenda sawasawa kama kwaya. Halafu akahamia mkono wa pili wa baba, akahesabu tena, taratibu, moja... mbili... tatu... mimi huku bado nakimbia.

"Gumba lina mpigo wake," akaniambia. "Baba yako ametulia. Ndi mtima wako." Yaani, huu ni moyo wako.

Mama Chantal hajui Chichewa, lakini hapo alielewa.

Mi nilikuwa nangoja ardhi ifunguke, ila Pascal akasogea. Fundi ni fundi: alikuwa ameshika kile kipande cha mkono kilichobaki kwenye koti, anakisugua kitambaa kati ya vidole, halafu akaiangalia blauzi yangu. Akaangalia tena kitambaa. "Papa," akasema kwa adabu, "hii shati na ile blauzi ni kitambaa kimoja?"

Baba akajikohoza. "Mbele njo bantu banaona," akasema. "Mugongo nilimupatia mutoto asome."

Mnisamehe, hapa sina utani. Blauzi ile niliivaa fomu mbili nzima. Niliilalamikia kwamba inabana kwapani.

Papa Ombeni akakaa kwenye benchi la wagonjwa, likalia. Akafuta jasho. Nilidhani anatafuta maneno mazuri ya kuondokea. Akasema, "Basi. Mambo ya moyo mi siulizi tena." Akavua koti lake mwenyewe, akamwekea baba mabegani juu ya mgongo ule, akaanza hotuba yake pale pale tangu mwanzo, yote, na wagonjwa wa foleni wakaisikiliza, na mama mmoja mwenye malaria akapiga kigelegele mahali panapostahili. Posa ikakubaliwa kabla hatujatoka mlangoni. Wakwe waliweka sharti moja tu, Papa Ombeni akalisema kwa sauti ya mimbari ili asiwepo wa kudai hakusikia: siku ya harusi, huyu mutoto mwenye mashine akae mbali na mikono ya bantu.

Harusi ilifanyika. Baba alivaa shati jeupe lenye mgongo, lenye mikono, lenye kila kitu, kazi ya cherehani ya Pascal, na alipoanza kucheza alivua koti kabla ya wimbo wa kwanza kwisha, akalitupa, akazungukazunguka ili kila mtu auone ule mgongo. Mi nilirudi kwa Mama Consolata nikasikiliza masharti yote hadi nukta ya mwisho, na hakunipa hata andazi.

Sasa nikienda Kauma kumtembelea dada, shemeji zangu hawanipi mkono. Wananinyooshea gumba, mlangoni, mzee na mtoto, wanangoja nihesabu. Na mi naapa mbele yenu: sitambandikia tena mtu gumba, sitampima mtu mwenye koti, na atakayeniuliza kitu nisichokijua atajibiwa "sijui", ambalo nimeona ndilo neno gumu kuliko masharti yote ya Mama Consolata.