Mshenga Aliyekuja Kula

Ukitaka kujua mji wa Dumaguete, huko Ufilipino, unavyofaidiwa na mtu asiye na kitu mfukoni, usimuulize meya. Muulize Jessamae. Alikuwa mwaka wa tatu wa ualimu, mtoto wa mkulima wa mahindi kutoka milima ya Siaton, na starehe ya kulipia aliiona ni ugonjwa wa wenye nazo. Bendi ya chuo aliisikiliza wakati wa mazoezi, maana mazoezi hayana kiingilio na nyimbo ni zilezile. Joto likizidi, maktaba ina kiyoyozi. Lakini starehe iliyozipita zote ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa mtaa. Kila mtaa una mtakatifu wake, na siku yake milango yote huwa wazi: unaingia, unasalimu, unakula, na mwenye nyumba ndiye anayekushukuru. Tarehe hizo Jessamae alizijua kuliko padri.

Siku hiyo ya Mei walikuwa wametoka kwenye mtihani wa mwisho, yeye na Kirby na Analou, wenzake wa nyumba ya kupanga. Wiki nzima walishindia choroko. Sasa walikuwa njiani kwenda kwenye sikukuu ya Mtakatifu Isidro, na Jessamae ndiye aliyeongoza.

"Mbona sisikii muziki?" Kirby aliuliza. "Mbona hakuna hata vibendera?"

"Watu wako misani. We umekuja kula au kukagua mapambo?"

"Nauliza tu."

"Uliza ukishashiba."

Nyumba ya kwanza waliyoikuta ilikuwa kwenye kona, mlango wazi, viti vimejaa sebuleni. Mezani alilala nguruwe mzima wa kuchoma, ngozi inang'aa, na pembeni tambi za pansit na wali wa kutosha kijiji. Hakuna aliyewauliza kitu. Kijana mmoja mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linatisha, aliinuka akampisha Jessamae kiti chake, akaenda kumletea sahani. Walikula kama watu waliotoka kifungoni.

Alikuwa kwenye sahani ya pili alipogundua kwamba wengine hawacheki. Viti vilipangwa pande mbili. Upande wa pili umejaa mashangazi wanaojipepea kwa vipepeo vyao na wajomba wenye nyuso za mahakamani. Upande huu walikuwamo wao watatu, mama mmoja mwembamba anayekunja na kukunjua leso, na viti vitupu.

Mzee wa ule upande uliojaa alikohoa, akamgeukia yule mama. "Haya, Nang Saturnina, dada yangu. Umekuja kumposea mwanao Rodelio binti yangu Marivel. Ndugu zako ndio hawa?"

Jessamae alirudisha tonge sahanini. Kumbe chakula walichokuwa wakikishambulia ni chakula cha posa, kilicholetwa na upande wa kijana! Bila shaka kila upande ulidhani hawa vijana ni wa upande mwingine. Na kwenye posa, watu wana uzito kuliko nguruwe. Ukija na watu haba, umemwambia baba wa binti kwamba mwanawe si kitu kwako.

Alitaka kuinuka aombe radhi. Yule mama akamshika kifundo cha mkono.

"Kaa, Inday, binti yangu, nakuomba," Nang Saturnina alinong'ona. "Ndugu zangu wamekwama kisiwani Siquijor. Bahari imechafuka, meli zimezuiwa. Mshenga naye yuko hukohuko. Huyu mzee, Nong Crispulo, ana moto, akituona mama na mwana tu atavunja posa leo hii."

"Lakini Nang, sisi tumekuja kula tu."

"Basi kuleni. Kuleni mkiwa wengi."

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Hatukusema itakuwaje kama mwenyeji mwenyewe naye ni mgeni.

"Nimeuliza," Nong Crispulo alisema, "nani anasema kwa niaba yenu?"

Nang Saturnina alikunjua leso, akaikunja tena. Rodelio alisimama karibu na mlango, shati lile la pasi limelowa jasho. Nyuma ya pazia Jessamae aliona macho ya binti, mekundu, yanangoja. Neno moja la kweli lingewatoa wao watatu kwenye aibu na kuwazamisha hawa wengine.

"Mimi, Nong," alisema. Kirby akamkanyaga mguu.

"Wewe? Mtoto kama wewe?"

"Mimi, Nong. Utuwie radhi kwa uchache wetu. Meli zimezuiwa."

"Sawa. Basi niambie, mshenga mdogo, huyu Rodelio ni mtu wa namna gani?"

Hata ukoo wa kijana hakuujua. Kudanganya alikuwa tayari, lakini alipotafuta uongo wa maana aliona aibu kuutia mdomoni, na chakula cha mtu bado hakijateremka. Akasema alichokiona.

"Nong, kiti nilichokalia ni chake. Sahani hii kaniletea yeye, na hakuniuliza mimi nani. Pansit ilipopungua alianza kupeleka upande wenu. Mpaka sasa hajakaa wala hajaonja kitu. Mengine siwezi kukuapia. Ila kwa mtu huyu binti yako hatalala njaa."

Vipepeo vya mashangazi vilisimama. Mzee alimgeukia Rodelio akamtazama toka juu mpaka viatu.

"We kijana, Dodong. Kweli hujala?"

"Bado, baba."

"Baba! Hujapewa mke unaniita baba!"

Mashangazi waliangua kicheko, na mzee naye kikamponyoka. "Mleteeni sahani. Njoo ukae hapa kwangu, usije ukaniangukia mlangoni."

Nang Saturnina alilia kwenye leso yake bila kujificha. Marivel alitoka nyuma ya pazia kabla ya kuitwa, na hakuna aliyemkemea. Jessamae alishusha pumzi ndefu, akahisi mwili wote umelegea kwa raha. Hata kumaliza mtihani wa asubuhi hakukumtua mzigo kama huo.

Walipoaga, alikwenda kuuchukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama vijana wanavyopaswa. Nong Crispulo hakuuachia mkono.

"Sikukuu ya Isidro iko ng'ambo ya daraja, Inday," alisema taratibu.

Jessamae alimtazama usoni. "Ulijua, Nong?"

"Mjomba wa kijana alinipigia simu toka bandarini asubuhi. Nilijua hatakuja mtu."

"Sasa mbona uliniuliza mimi?"

"Ndugu zake wangemsifu hata angekuwa mwizi wa kuku. Wewe humjui." Mzee alipangusa macho kwa kiganja, akajifanya ni moshi. "Binti ninaye mmoja tu. Harusini mje, na mkae upande wa kijana."

Jessamae alirudi ndani kumuaga Nang Saturnina, na safari hii hakumwita Nang, alimwita shangazi.