Popo Watano Wekundu

Wiki jana, kwenye jumba la makumbusho mjini, niliona bakuli la Kichina lenye popo watano wekundu, na harufu ya supu ya tangawizi ikanirudia.

Nilipokuwa mtoto, madaktari walikuwa wameturuhusu tumlete mdogo wangu Juma nyumbani Sparkhill, mtaa wetu wa ughaibuni, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya tena. Mama alikuwa ameishiwa hata na dua. Alasiri ile jirani yetu, bibi wa Kichina, akatuletea supu kwenye bakuli kama lile. Mimi niliona vipepeo. Mama akalisogeza dirishani.

“Popo! Huyu anamwitia mwanangu kifo!”

Akamwaga supu kwenye sinki, akalipasua bakuli kwenye ukuta wa uani.

“But Mummy, Juma likes soup,” nikasema.

“Nyamaza!”

Akamkumbatia Juma, akalia kwa sauti iliyozidi mngurumo wa mabasi ya Stratford Road. Juma hakuiona asubuhi.

Maelezo ya makumbusho yalisema popo wale ni baraka tano, na ya kwanza ni maisha marefu. Sijamwambia Mama. Yeye hadi leo husema tulichelewa kulivunja bakuli lile.