Kivuli cha Mwezi wa Sita

Nilianguka mtihani wa sayansi kwa sababu ya kusema kweli. Sasa nina wajukuu, na hasira ile bado ninayo.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, mji wetu wa Kisangani ukiwa bado unaitwa kwa jina la mzungu. Papa alikuwa seremala katika mtaa wa Waislamu, na hakuna msichana wa mtaa ule aliyekuwa amewahi kuingia sekondari. Papa aliapa kwamba mimi nitaingia. Wajomba walimcheka: msichana akisoma hadi huko, nani atawapikia? Papa akawajibu kwamba mwenye njaa ajifunze kupika.

Papa ndiye aliyekuwa akiangalia wakati wa adhuhuri msikitini. Alisimamisha kijiti uani, akakinyoosha kwa timazi yake ya useremala, nami nikachora kwa kipande cha mkaa ncha ya kivuli kila kilipofupika. Kikianza kurefuka tena, wakati umeingia. Kazi hiyo niliifanya tangu nina miaka saba. Nilijua kwamba mwezi wa tatu na wa tisa kivuli hujificha chini ya kijiti, mwezi wa kumi na mbili huelekea msituni, kaskazini, na mwezi wa sita huelekea mtoni, kusini. Sikukisoma popote. Nilikiona.

Basi katika mtihani wa kuingia sekondari likaja swali: saa sita mchana, kivuli cha mtu huelekea upande gani? Nikafurahi, jamani! Niliandika yote, kusini mwezi wa sita, kaskazini mwezi wa kumi na mbili, hata ile miezi kivuli kinapopotea. Jibu refu kuliko yote niliyoandika siku ile.

Likakatwa kwa wino mwekundu. Sifuri. Nikakosa nafasi kwa alama moja.

Papa hakupiga kelele. Alichukua rula yake ndefu na timazi, akanishika mkono, tukaenda shuleni kabla ya saa sita. Mwezi wa sita ulikuwa haujaisha. Mkurugenzi wa shule alikuwa Mkongomani mwenzetu, amekalia kiti cha mzungu miaka si mingi, na tai yake ilikuwa imembana shingo. Papa alimwomba atoke uani kidogo tu. Akasimamisha rula. Tukangoja sote watatu juani, na kivuli kikalala palepale nilipoandika, upande wa mto.

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Yule tulimwambia, akatazama, akaona, akakataa.

“Bon, papa, mi naona,” alisema. “Kivuli iko inaenda ku fleuve. Lakini corrigé, ile karatasi ya majibu, inatoka Ulaya, na inasema nord, kaskazini. Inspecteur atasoma corrigé, hatasoma kivuli.”

“Sasa mutoto wangu afanye nini?”

“Arudilie mwaka inakuya. Aandike nord, basi. Iko mambo ya neno moja.”

“Alors, nimufundishe uongo, ndiyo aitwe mwenye akili?”

Mkurugenzi alitazama viatu vyake. Leo najua kwamba aliona haya, lakini siku ile ningeweza kumng'ata. Kule Yangambi, safari ya mashua tu kutoka kwetu, wataalamu walikuwa wamepima jua na mvua yetu miaka na miaka, madaftari yamejaa makabati. Na watoto wa mto huohuo tunaulizwa kuhusu jua la nchi ambayo hatujaiona! Hakuna aliyetoa hata faranga moja kutuchapia kitabu chetu. Tulipewa bendera, tukapewa wimbo, vivuli tukaachiwa vya Ulaya.

Mwaka mzima nilirudia darasa lilelile. Mtihani ulipofika, swali lilikuwa lilelile, maana kitabu kilikuwa kilekile. Ulikuwa tena mwezi wa sita. Nikaandika nord. Nyumbani sikula.

Nilipita. Barua ikaja yenye muhuri, jina langu limepigwa kwa mashine, na mbele ya neno sayansi alama zote, bila hata moja kupungua. Papa aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza niliandika nini kwenye lile swali. Nikamwambia. Akaikunja polepole, akaiweka juu ya kabati, hakusema hongera.

Mwezi wa nane mwaka uleule, waasi waliopigana na serikali wakaingia mjini. Shule iligeuka kambi, madawati yakawa kuni. Kisha wakaanza kuwatafuta waliosoma, makarani na walimu, nyumba kwa nyumba, na karatasi yenye muhuri ilitosha kumponza mtu. Mkurugenzi alichukuliwa asubuhi mbele ya watoto wake, hakuonekana tena. Nilikuwa nimemkasirikia mwaka mzima, na nikabaki sijui hasira ile niipeleke wapi.

Walipofika barabara ya pili kutoka kwetu, papa alishusha barua yangu akaitia motoni, chini ya sufuria ya mihogo. Nilisimama pale hadi muhuri ulipojikunja. Sikuingia sekondari mwaka ule, wala mwaka wowote. Katika maisha yangu yote ile ndiyo karatasi pekee iliyosema kwamba najua sayansi, nami niliipata kwa kuandika nisichokiamini.